Paukwa bila pakawa: kisa cha mwandishi mmoja na sura zake 14

Ijumaa moja ya mwaka 2021, saa tatu usiku, mdogo wangu alinitumia ujumbe kutoka Mombasa: "Dada, nimeshaiweka sura ya sita. Naona kama naongea na ukuta." Mimi nilikuwa Tanga, na sura ile nilikuwa nimeshaisoma kabla ya chakula cha usiku. Nikamjibu, "Nzuri sana, endelea," nikalala. Kwa jibu lile nami nimo ndani ya kisa hiki, tena si mahali pazuri.

Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Amenipa ruhusa nisimulie yote isipokuwa jina lake. Mchana anauza kwenye duka la dawa, usiku anaandika hadithi za mashabiki, yaani fanfikshini: unachukua wahusika wa kazi unayoipenda, ukaandika yale ambayo mtungaji wa kwanza aliyaacha au hakuyaona. Wenzake wengi huandika juu ya katuni za Kijapani, tamthilia za Kikorea au vikundi vya muziki. Yeye alimchagua Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya kale ya pwani yetu. Na hata huyo Liyongo hakumfanya msimulizi. Alimpa usimulizi Saada, yule kijakazi aliyekuwa akipeleka chakula gerezani.

Katika utendi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, Saada anapita kama kivuli. Anaupokea wimbo wenye fumbo kutoka kwa Liyongo, anaufikisha kwa mama yake Liyongo, anarudi na mkate wa makapi wenye tupa ndani. Walinzi, waliozoea kumnyang'anya mfungwa kila chakula kizuri, wanaudharau mkate ule na kumwachia. Baadaye mji unacheza gungu nje ya gereza, na katika kelele za ngoma Liyongo anakata minyororo. Saada hatajwi tena. Mdogo wangu akajiuliza: huyu msichana alijua amebeba nini? Usiku ule wa ngoma alikuwa wapi? Kutokana na maswali hayo akapanga sura 12, moja kila Ijumaa. Zilifika 14, na sababu yake nitaieleza.

Aliziweka katika hifadhi iitwayo Archive of Our Own. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, lililoanzishwa mwaka 2007, na hifadhi yenyewe ilifunguliwa kwa umma mwishoni mwa 2009. Watu wa kujitolea ndio wanaoiendesha, haina matangazo, hakuna anayelipwa kwa kuandika humo, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi na fantasia. Yeye aliipendea jambo dogo zaidi: kwenye orodha ya lugha, Kiswahili kimo.

Kufikia ile sura ya sita, hesabu yake ilikuwa hivi: kazi imefunguliwa mara 212, imepewa mioyo 5, maoni sifuri. Moyo mmoja ulikuwa wangu, wa pili wa rafiki yake.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wiki zile sote wawili tuliisoma hesabu hiyo vibaya. Ule moyo, ambao kwenye hifadhi huitwa kudos, msomaji hupewa mmoja tu kwa kazi nzima. Akiubonyeza kwenye sura ya kwanza, ndio kwaheri. Sura ya tano ikimtoa machozi, hana moyo mwingine wa kutoa. Mwandishi anayeweka hadithi yake kidogo kidogo huona mioyo michache mwanzoni, kisha kimya, akadhani watu wamechoka. Kumbe wale wale waliompenda mwanzoni wamekwisha kutumia sauti yao yote. Waliyobaki nayo ni maoni ya maandishi, na maoni yanadai uwe na la kusema, uwe na muda, usione haya.

Hesabu ya kufunguliwa nayo ina mapengo. Hifadhi inamruhusu msomaji kupakua kazi nzima ikawa faili kwenye simu. Mimi hufanya hivyo kila mara, maana bando ni pesa. Napakua nikiwa kwenye intaneti ya ofisini, nasoma ndani ya daladala. Kusoma kule hakuhesabiwi popote. Msomaji anaweza pia kuiwekea kazi alama ya siri ili airudie, na mwandishi hajui ni nani aliyeiweka. Kisha kuna suala la kupatikana. Kurasa za hifadhi huonyesha kazi 20 kila moja, zilizosasishwa karibuni zikiwa juu, na wasomaji wengi huchuja kwa lugha. Ukichuja Kiingereza, Saada hayupo. Tena lebo ya Liyongo aliiunda mwenyewe. Hakuna shabiki aliyekuwa ameketi akiisubiri. Ni kama kufungua kibanda cha mahamri kwenye mtaa ambao bado haujajengwa. Wapishi wazuri wamewahi kukosa wateja kwa namna hiyo.

Nilipokuja kumweleza haya (nikiwa nimechelewa sana), alisema, "Dada, haya yote nayaelewa kichwani. Usiku hayanisaidii." Jibu hilo ndilo lililonifanya nikitazame kisa kwa upande mwingine.

Kimya hakina maneno, kwa hiyo mwandishi hukitilia maneno yake mwenyewe. Sura ya tatu aliiandika upya mara tatu. Mara ya kwanza alidhani Kiamu, lahaja ya Lamu, alichowapa wahusika kimewashinda wasomaji, akakisafisha kikawa Kiswahili sanifu cha darasani. Mara ya pili alidhani ni ndefu, akaukata ukurasa ambao Saada anamsaidia mama Liyongo kuchekecha makapi, ukurasa niliouona bora kuliko yote katika hadithi nzima. Mara ya tatu aliyarudisha Kiamu na makapi, lakini akaongeza upanga na mapigano ambayo Saada hakuwa na njia ya kuyashuhudia. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amemwambia lolote kati ya hayo. Alikuwa akiwatii wasomaji aliowabuni, na wasomaji wa kubuni hawaridhiki, kwa sababu wameumbwa kwa hofu ya aliyewabuni.

Nimefikiri sana kwa nini kimya kilimuuma yeye kwa namna hii, na nina dhana yangu. Sisi tumelelewa na mtambaji. Bibi hakuanza hadithi mpaka aseme "Paukwa!" nasi tujibu "Pakawa!" Kwingine ni "Hadithi, hadithi!" na jibu ni "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Watoto wakijibu kwa sauti ya usingizi, bibi aliita tena. Wasipojibu kabisa, alijua wamelala, akazima taa. Kwa mtambaji, kimya kina maana moja tu: hakuna mtu macho. Mdogo wangu amebeba sikio hilo hadi kwenye simu. Lakini kwa msomaji wa maandishi, kunyamaza ndiyo namna yake ya kuwa macho. Anayesoma kwa makini zaidi ndiye aliye kimya zaidi.

Na angalia wakati wa kiitikio kile. "Pakawa" hutangulia hadithi. Hadithi haijasemwa bado, hakuna cha kusifia wala kukosoa. Mtoto anasema tu: nipo, anza. Kiitikio si tathmini. Hilo lilikuja kutusaidia sana, kwa kuwa tulitambua kwamba kwa wiki sita mdogo wangu alidhani anatafuta sifa, na mimi nikampa sifa, "nzuri sana," naye akabaki na njaa ile ile. Alichokosa ni mtu wa kusema yupo.

Kisha, baada ya sura ya tisa, yakaja maoni ya kwanza.

Sura hiyo ni ile ya mtoto wa Liyongo, aliyehongwa na mfalme wa Pate, akimuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Maoni yalikuwa marefu, ya mgeni asiye na akaunti. Alisema sindano ni ya shaba, na wewe umeandika chuma. Alisema Saada anafikiri kama msichana wa leo mwenye simu mkononi. Akamaliza kwamba mtu asiyejua Kiamu asimguse Liyongo, kwamba mzee wa watu ameharibiwa, na kwamba mwandishi akatafute kazi nyingine ya kufanya usiku.

Hakuandika kwa wiki tano. Ujumbe wangu alikuwa akiusoma, hajibu. Nilipompigia simu siku moja alasiri, alikuwa ameyahifadhi maoni yale kwa kichwa, neno kwa neno, kama dua.

Nilimwomba ayaandike kwenye karatasi, kila sentensi mstari wake, kisha tukaipitia kwenye simu, mstari kwa mstari. Mstari wa sindano ulikuwa kweli tupu. Tena si kosa dogo: Liyongo ni mtu asiyedhurika kwa mkuki wala mshale, na siri nzima ya kifo chake ni kwamba sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni, ndiyo pekee inayomwangusha. Ukiandika chuma, umelifuta fumbo lenyewe. Mgeni yule, pamoja na ukali wake, alikuwa amemwokoa na aibu. Mstari wa Saada kufikiri kama msichana wa leo ulikuwa rai ya msomaji. Unaweza kuupima, ukaukubali nusu. Iliyobaki ilikuwa matusi, na matusi hayana cha kufanyiwa kazi. Tulipomaliza, yale maoni marefu yalikuwa yamegawanyika: mstari mmoja wa kusahihisha, mmoja wa kufikiria, minne ya kuchana. Aliichana ile sehemu kweli, nikausikia mchaniko.

Kosa lake wiki zile tano lilikuwa kuyapokea yote kama kitu kimoja. Kwa kuwa sindano ilikuwa kweli, aliona na tusi lazima liwe kweli. Nadhani hii ndiyo njia ambayo maoni makali huwavunja waandishi wengi: ukweli mdogo ulioko ndani huwa ndoana, na uchungu wote huingia nao.

Alijibu kwa mistari miwili: ahsante kwa shaba, nimeisahihisha leo. Hakugusa mengine. Hifadhi inampa mwandishi uwezo wa kuyazuia maoni ya wageni, au kuyapitia kabla hayajaonekana, na nilimshauri afunge mlango. Alikataa, na leo nakiri alikuwa na haki kuliko mimi. Alichofanya ni kuweka ombi chini ya kila sura. Washairi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kumalizia kwa kumwomba msomaji: ukiona kosa, nitengenezee, usinicheke. Yeye akaifuata, ila akaibana zaidi. Chini ya sura ya kumi aliandika: "Ukiona neno la Kiamu nimelikosea, nitengenezee. Mengine yaache." Yakaja maoni matatu, yote ya maneno ya Kiamu, mawili yakipingana. Nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza katika miezi miwili. Ukimwambia msomaji "naomba maoni," umempa mzigo asiojua aushike wapi. Ukimwonyesha mpini, anashika.

Katikati ya hayo rafiki yake akazinakili sura zote na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la watu karibu 200, na hapo tukakutana na taabu ya upande wa pili.

Wanaofuata simulizi za mitandaoni kwetu wanazijua tabia zake. Kipande kinaishia kwa "itaendelea," chini yake kinajaa "endelea," "tunasubiri," "leo mbona kimya mwandishi," na wapo wanaozuia kipande cha mwisho mpaka utume pesa kwa simu. Kundi lile lilimpokea mdogo wangu kwa upendo wa kweli. Walimtumia ujumbe wa sauti, mama mmoja alimwombea dua, kijana mmoja alichora Saada akiwa na sinia kichwani. Na wote walitaka jambo moja: Liyongo asife.

Utanisamehe nikisema kwamba kelele zile zilimdhuru zaidi ya wiki zake zote za kimya, kwa sababu zilikuwa tamu. Mpango ulikuwa sura ya kumi mtoto amchome babaye, ya kumi na moja kisimani, ya kumi na mbili maziko. Badala yake, sura ya kumi mtoto anasitasita. Ya kumi na moja anasitasita tena, na Saada anapewa nafasi ya kumwonya Liyongo, ambayo haiwezekani, kwa kuwa akionywa hakuna utendi. Kundi lilishangilia. Mimi nilisoma sura zile nikaona hadithi inazunguka kama ng'ombe wa kinu, lakini nikaandika tena lile neno langu la uvivu, "nzuri."

Aliyeliona ni yeye mwenyewe. Siku moja aliniuliza, "Dada, kwenye utendi, ngoma ya gungu ilikuwa ya nani?" Nikasema ya Liyongo, si ndiye aliyetunga nyimbo? Akasema, "Na waliocheza walidhani ni ya kwao. Yeye alikuwa anakata chuma." Kimya kidogo. "Mimi nacheza, sikati."

Akaliaga kundi kwa adabu: aliwaambia sura zinazofuata zitachelewa, na kwamba Liyongo atakufa kama alivyokufa tangu zamani, anayetaka kuondoka asisikie vibaya. Wachache waliondoka. Sura za 10 na 11 hakuzifuta. Ndizo zilizoifanya hadithi iwe na sura 14. Ya kumi na moja ina ukurasa wa Saada ufukweni ambao nisingependa upotee. Ya kumi ningeitoa kesho, na yeye anajua hivyo.

Tuliyopatana baada ya hapo yalikuwa ya kawaida sana. Alizima barua pepe za kumjulisha kila moyo unaoingia, hifadhi ina mpangilio wa hilo. Akawa anatazama hesabu mara moja kwa mwezi, mchana, akiwa kazini, kamwe si usiku baada ya kuweka sura. Akachagua wasomaji wawili wa rasimu: mimi, na mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliye Malindi, jirani yao wa zamani, ambaye wote tunamwita Mwalimu. Yeye anasoma lugha, mimi nasoma moyo wa hadithi. Na neno "nzuri" likapigwa marufuku kwangu. Kila rasimu inakuja na maswali matatu, nami najibu hayo kwanza.

Jingine ni la utoto, lakini ndilo lililoshika kuliko yote. Kabla ya kutuma rasimu ananiandikia "Paukwa." Sifungui faili mpaka nimjibu "Pakawa." Ikiwa nimechoka au nina mgonjwa nyumbani, namwambia, na anasubiri. Hajanitumia tena rasimu gizani akabaki anakisia kama nimeisoma na kunyamaza, au sijaisoma.

Sura ya 13 ilikuwa ya kisimani, nayo ndiyo iliyotupima. Liyongo ameshachomwa. Ameamka, ameshika upinde, amekwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale umevutwa. Watu wanashindwa kuteka maji kwa hofu. Siku zinapita, mji una kiu. Wazee wanamchukua mama yake aje ambembeleze, naye anakuja, anamsemesha kwa upole mwanawe, hajibiwi. Siku moja mwili unaanguka, ndipo wanajua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti. Kwa mdogo wangu, Saada amesimama nyuma ya mama, na yeye peke yake tayari anajua.

Maswali yake yalikuwa haya: Saada anapaswa kusema? Mama analia mapema mno? Na la tatu: wewe, dada, ulijua lini kwamba amekufa?

La kwanza nilimjibu hapana, na nikampa sababu yangu. La pili nilimwambia mama hajalia mapema, ila analia kwa maneno mengi mno. Mwanamke anayeogopa kujibiwa na kimya husema machache, akasubiri. La tatu nilimjibu ukweli: nilijua kwenye mstari wa pili, kwa sababu umemweka nzi kwenye kidole cha Liyongo, naye hakimbizi.

Aliniandikia usiku ule ule: "Nilimpenda sana yule nzi." Kesho yake nzi hakuwepo. Mwalimu naye alikuwa amebadilisha neno moja tu katika sura nzima, akaandika pembeni kwamba bibi yake wa Faza alilitamka vile.

Sura ya mwisho iliwekwa Ijumaa, kama kawaida. Jumamosi asubuhi nilichungulia, nikakuta maoni sifuri chini yake. Niliingiwa na wasiwasi, nikaanza kuandika ujumbe wa kumpooza, nikaufuta, nikaanza mwingine. Saa mbili na nusu simu ikalia kabla sijatuma. Alikuwa dukani, anasubiri wateja, na ameanza kitu kuhusu yule mtoto aliyemuua baba yake, miaka mingi baadaye, akiwa mzee asiyeweza kushika sindano. Ukurasa mmoja tu, alisema, na maswali bado hana.

Juu yake palikuwa na neno moja. Nilijibu, nikavuta kiti dirishani, nikafungua.